Radhi ya Marehemu Huombwa kwa Nani?

Mshabiki wa kandanda ni mwepesi wa kununa. Timu yake ikifungwa na gazeti likaandika kuwa imecheza ovyo, huona ameonewa. Malalamiko hayo hayana uzito: achezaye hadharani hana budi kusemwa.

Jambo la Liverpool ni jingine. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wake walibanwa katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Waliokufa kwa msongamano ule wamefikia 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Siku nne baada ya msiba, gazeti la The Sun liliwatuhumu mashabiki kuwa waliwaibia wahanga na kuwakojolea askari, na juu ya habari hiyo likaandika kwa herufi kubwa: Ukweli. Neno hilo lilichoma kuliko tuhuma zenyewe.

Mwaka 2012, jopo huru lilipoufichua uongo huo, gazeti liliomba radhi. Mwaka 2016 uchunguzi wa vifo mahakamani ukahitimisha kuwa marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuchangia maafa. Hata hivyo wengi mjini humo hawalinunui gazeti lile hadi leo, na wapo wauitao msimamo huo kinyongo. Lakini mtu husamehe haki iliyo yake. Mama aliyezika mwanawe aweza kusamehe machozi yake mwenyewe. Jina la mwanawe si lake kulitolea msamaha, na mwenye nalo haulizwi tena. Pengine ndiyo maana baadhi ya wenye maduka huko hawaliweki kabisa mezani.