Ridhaa ya Mwenye Njaa

Mkataba, kwa maana ya kisheria, ni mapatano ambayo kwayo mtu hujifunga kwa mwingine kutoa kitu, kutenda jambo au kuacha kulitenda. Katika Kongo, msingi wa mapatano hayo uliwekwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hudai mambo manne ili mkataba uwe halali: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake wa kisheria, kitu kinachojulikana ambacho watu wanapatana juu yake, na sababu isiyovunja sheria. Matatu ya mwisho hayasumbui sana. Ni ridhaa, yaani kukubali kwa hiari, inayozua swali wasiloweza kulimaliza wanasheria peke yao: je, neno la mtu asiye na njia nyingine linamfunga mbele ya Mungu na dhamiri yake?

Swali hilo liko karibu sana na watu wa Kiambi, kando ya mto Luvua, na majirani zao wa Manono, ambako kasiteriti, mawe yenye bati, imechimbwa tangu enzi ya ukoloni. Mchimbaji mdogo huweza kupokea unga, koleo na fedha kidogo kutoka kwa mnunuzi kabla hajaanza kazi, huku akiahidi kumuuzia yeye peke yake chochote atakachopata, kwa bei itakayopangwa na mnunuzi huyo. Hakutishwa wala hakudanganywa. Na kasoro za ridhaa zinazotajwa na dekreti ni kukosea, kushurutishwa na kulaghaiwa, wala njaa haimo.

Hoja ya kumfunga ina nguvu, kwa maana kama ahadi ya maskini isingekuwa na uzito, maskini ndiye angeumia wa kwanza, kwa kuwa hakuna ambaye angemkopesha hata kibaba cha unga. Hata hivyo, Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi anayepokea masharti magumu kwa sababu ya uhitaji, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu na bila haki, ingawa alikubali. Fikihi ya Kiislamu hulitazama jambo hilo kwa upande mwingine: katika mkataba wa salamu, ambamo bei hulipwa leo kwa bidhaa itakayoletwa baadaye, kipimo, muda na bei sharti vijulikane tangu mwanzo, ili upande mmoja usibebeshwe gharari, yaani mashaka yasiyopimika.

Sheria ya Kongo yenyewe, katika kifungu cha 131 bis kilichoongezwa baadaye kwenye dekreti hiyo ya 1888, humruhusu hakimu kupunguza deni la aliyekopeshwa na mtu aliyetumia vibaya shida, udhaifu au ujinga wake, hadi libaki mtaji na riba ya kawaida. Hapo ndipo jibu la haki linapopatikana: unga, koleo na fedha ni deni la kweli na mchimbaji hana ruhusa ya kulikana, lakini faida iliyokamuliwa katika njaa yake haikuwa halali kwa mnunuzi hata siku moja. Tatizo ni kwamba hakimu husubiri ombi la mdaiwa, naye mdaiwa anayemshtaki mnunuzi leo atahitaji unga wa mnunuzi huyo huyo kesho.