WEWE SI NAMBA!
Ujumbe kwa kijana aliyepata kazi mbali na nyumbani

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Labda umepewa hapa uwanjani, labda umeikuta kwenye kiti cha basi, labda rafiki amekugawia pale Kibirizi mkisubiri boti. Isome mpaka mwisho. Inakuhusu wewe.

Huenda sasa hivi mfukoni mwako kuna simu, na ndani ya simu hiyo kuna ujumbe: umepata kazi, ripoti Dar es Salaam tarehe moja. Kampuni kubwa. Mshahara wa kila mwezi. Mjomba anasema, "Wewe nenda tu, unangoja nini?" Mama ananyamaza, anakuangalia. Vijana wenzako kijiweni wanakuita bosi. Lakini usiku usingizi hauji. Unageuka huku na huku. Niende au nibaki?

Najua kwa nini unataka kuondoka. Nani wa Kigoma asiyejua? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini kijana aliyekuwa anakula kwa dagaa na migebuka aliukalia mtumbwi mchangani akihesabu siku. Basi mtu asikuambie kwamba wewe unapenda pesa kwa sababu unatafuta mshahara. Njaa haimfanyi mtu kuwa mtakatifu! Kutafuta kazi si dhambi.

Wala kusafiri si dhambi. Watu wa pwani hii wamesafiri tangu zamani. Kutoka Ujiji misafara ilikwenda kwa miguu mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani, na wengine wamefungwa minyororo shingoni, hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200. Tangu siku hiyo, kila kizazi kina kijana aliyesimama stesheni na kifurushi chake, na mama anayejifuta machozi kwa kanga.

WALIOITWA MANAMBA

Waulize wazee wa Kasulu na Kibondo, watakuambia. Wakati wa Waingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikosa watu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, ikaitwa SILABU. Vijana wa Kiha waliandikishwa kwa wingi, wakapakiwa, wakapelekwa. Unajua waliitwaje? MANAMBA! Kwa sababu kila mtu alipewa namba. Kule nyumbani alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, kijiji kizima kinamjua. Kule shambani alikuwa namba. Alipewa kadi ya kazi, ikaitwa kipande, siku 30 za kujaza. Alijaza siku, akapokea, akaanza tena.

Wengine walirudi na baiskeli na nguo, wakaoa. Wengine hawakurudi kabisa. Waliandika barua moja, mbili, halafu kimya. Mama akafa akiuliza, "Hakuna aliyetoka Tanga?"

Sasa sikiliza. Mkonge haukuwa dhambi. Treni haikuwa dhambi. Hatari ilikuwa hii: mtu anaweza kupewa namba mpaka na yeye mwenyewe akasahau jina lake.

Na leo je? Leo kuna namba ya kitambulisho cha kazi, namba ya akaunti, namba ya lindo. Unaweza kuvaa sare safi na viatu vya kung'aa na bado ukawa manamba. Lakini yuko Mmoja ambaye hakuiti kwa namba. Soma Isaya 43, mstari wa kwanza: Mungu aliyekuumba anakuita kwa jina lako, anasema wewe ni wake. Soma Yohana 10: mchungaji mwema anawajua kondoo wake mmoja mmoja. Kampuni inanunua masaa yako. Haiwezi kukununua WEWE, isipokuwa umejiuza mwenyewe!

Kwa hiyo kabla hujajibu ule ujumbe, jiulize maswali haya matatu.

SWALI LA KWANZA: UNAANGALIA NINI?

Katika Mwanzo 13 kuna mzee Abrahamu na kijana wake Loti, mtoto wa ndugu yake. Mifugo imekuwa mingi, malisho hayatoshi. Mzee anamwambia Loti achague upande anaotaka. Loti akainua macho, akaona bonde lenye maji mengi, kijani kitupu. Akachagua hapo hapo. Hakuuliza majirani zake watakuwa nani. Hakuomba. Hakumuuliza hata mzee aliyemlea! Jirani yake akawa Sodoma. Mwisho wake alitoka mbio na mabinti wawili, mali yote imeungua, na mke amebaki njiani.

Loti aliangalia maji tu. Na wewe usiangalie mshahara tu. Uliza: nitaishi na nani? Kazi yenyewe ni nini hasa? Nitatakiwa kusema uongo? Nitatakiwa kufumba macho watu wakiiba? Dada yangu, kuna bosi anayetaka zaidi ya kazi? Mshahara mkubwa unaokuondolea aibu ya kutenda mabaya ni mshahara mdogo sana.

SWALI LA PILI: UNAKIMBIA NINI?

Yona naye alisafiri. Alifika bandarini, akakuta meli, akalipa nauli yake yote, akalala usingizi. Mambo yote yalikwenda vizuri! Ndiyo maana nakuambia, mambo kwenda vizuri si dalili kwamba Mungu amekutuma. Alilipa nauli kamili na hakufika alikokuwa anakwenda.

Kaka, tuseme ukweli. Kuna anayekwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, na kuna anayekwenda kwa sababu binti wa watu pale Gungu ana mimba. Kuna anayekimbia deni la nyavu. Kuna anayekimbia baba mgonjwa, amechoka kumwogesha. Anasema, "Nimepata kazi." Hapana! Umepata mahali pa kujificha. Nenda kwanza kwa wazazi wa yule binti. Nenda kwa mwenye nyavu, mwambie utamlipa kidogo kidogo. Kaa na baba, mwambie nani atamtunza na utatuma nini. Halafu panda gari ukiwa mwepesi. Mzigo wa dhambi hauachwi stesheni. Unashuka nao!

SWALI LA TATU: UNAKWENDA NA NANI?

Yusufu alifika Misri akiwa na miaka kama yako, tena hakupanga safari, aliuzwa na ndugu zake. Hakuwa na mama wa kumkanya wala mchungaji wa kumtembelea. Akapata kazi nyumbani kwa mkubwa. Siku moja mke wa bosi akamtaka. Nani angejua? Kanaani ilikuwa mbali! Yusufu akakataa, akasema atawezaje kumkosea Mungu (Mwanzo 39). Unaona? Wazazi hawakumwona. Mungu alimwona. Kukataa kule kulimpeleka gerezani, sikufichi. Lakini Mungu alikuwa naye hata gerezani, na baadaye njaa ilipokuja, ni huyo huyo aliyewalisha ndugu zake.

Kijana anayeogopa macho ya watu tu, akifika mji ambao hakuna anayemjua, ataanguka. Kijana anayemcha Mungu amebeba macho hayo moyoni kokote anakokwenda.

HEKIMA KABLA YA SAFARI

Wengine wanafikiri imani ni kufumba macho. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, ahesabu gharama. Basi keti, uhesabu.

Usilipe pesa ili upewe kazi. Anayekuomba elfu hamsini ya fomu, kesho laki ya sare, huyo si mwajiri, ni mwizi. Uliza jina kamili la kampuni, halafu tafuta mtu anayeijua ofisi yake. Kampuni halali imesajiliwa BRELA.

Dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko upande wako. Kwa kawaida kazi ni masaa 45 kwa wiki, na yanayozidi yana malipo yake. Mfanyakazi anapaswa kupata saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Basi uliza mapema siku yako ya mapumziko ni ipi, usije ukakaa mwaka mzima hujaingia ibadani. Uliza kama wanachangia NSSF, asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako isizidi nusu yake. Tena liko jambo ambalo manamba wengi hawakulijua: sheria hiyo inasema ukiachishwa kazi mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akurudishe pamoja na vitu vyako, au alipe gharama za kurudi. Kwa hiyo mkataba uonyeshe wazi kwamba uliajiriwa Kigoma!

Halafu mwambie mama ukweli: unakwenda wapi, kwa nani, namba gani atapiga. Usimwachie mama yako kimya kile kile walichoachiwa akina bibi zetu.

MELI ILIYOPAKWA MAFUTA

Kila mtoto wa Kigoma anaijua Liemba. Wajerumani waliitengeneza kwao mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Vita ilipowazidi, Julai 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walifanya jambo moja: walipaka injini zake mafuta mazito. Miaka karibu minane ilikaa chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua. Maji yalikuwa yameingia kila mahali, lakini injini zilikuwa bado nzima! Mwaka 1927 ikarudi kazini, ikapewa jina la Liemba.

Ndugu yangu, mji mkubwa ni maji ya kina. Kuna siku utazama. Utaugua peke yako chumba cha kupanga. Mshahara utachelewa. Rafiki atakuletea glasi, mwingine atakuletea mwanamke. Siku hiyo hutapata muda wa kutafuta mafuta. Mafuta yanapakwa KABLA. Roho Mtakatifu akiwa ndani yako, maji yatakufikia, lakini ile injini ya ndani haitaoza.

Na wewe unayesema, "Mimi siendi, nabaki Ujiji kwetu," usijione umepona. Katika Luka 15 kuna mwana aliyepotea nchi ya mbali, na kuna kaka yake aliyepotea akiwa nyumbani, moyo umejaa hasira. Wote wawili baba aliwatokea nje, na yule mkubwa akamsihi. Kubaki bila Yesu ni kupotea mlangoni kwenu.

Basi, uende au ubaki? Siwezi kukujibia. Lakini liko jibu linalotangulia hilo. Mkabidhi Yesu maisha yako LEO, hapo ulipo, halafu mwulize yeye habari ya kazi. Aliyekufa msalabani kwa ajili yako hashindwi kukuonyesha njia.

Sema naye kwa maneno yako, au hivi: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe. Unajua jina langu na unajua ninachokimbia. Ingia moyoni mwangu. Kama kazi hii ni yako, nifungulie na uende nami. Kama si yako, nifungie, hata kama nitalia. Amina."

Kama umeomba kwa kumaanisha, umeokoka. Mwambie mtu mmoja leo. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, na ukisafiri, Jumapili ya kwanza tu ulizia kanisa kabla hujaulizia mahali pa starehe.

Ukimaliza kusoma usitupe. Mpe mwenzako anayefunga begi.