Fungua Boneti Tuone

Katika ofisi zetu kuna jamaa mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona, lakini ana mamlaka kuliko waziri. Jina lake Sistimu. Sistimu akikataa, hupati cheti. Sistimu akiwa chini, unarudi kesho. Karani aliye mbele yako hana ubaya nawe, anakutazama kwa huruma ya kweli, anageuza skrini kidogo ujionee mwenyewe, kisha anakwambia, "Pole, sistimu imekataa." Ukimuuliza kwa nini, anacheka, kana kwamba umemuuliza kwa nini mvua imenyesha.

Siku hizi Sistimu amepandishwa cheo. Anaitwa akili unde, na kila kiongozi anayeshika maikrofoni ana la kumsifia. Atatibu, atafundisha, atalima, atamaliza ufisadi. Machi 2025 Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa akili unde, wa mwaka 2025 hadi 2030. Sina ugomvi na mkakati. Nchi isiyopanga hupangiwa. Wasiwasi wangu ni juu ya sifa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nasomea falsafa, shahada ya uzamili, kazi ambayo shangazi zangu bado wanasubiri nieleze ni kazi gani. Basi nitajaribu kuifanya hapa kwa swali moja: mashine inapotuamulia mambo yetu, tuna haki gani juu yake? Inatosha tu kwamba inafanya kazi?

Nitaanza na magari ya zamani, kwa sababu yamekaa nasi muda mrefu na tumeshajua tabia zao.

Kila mwaka, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, huwa kuna mashindano ya magari na pikipiki yaitwayo Concours d'Elegance. Yalianza mwaka 1970. Mtu akiyatazama kwa mbali hudhani ni maonyesho ya rangi. Kumbe waamuzi hufungua boneti, huchungulia buti, na huinama kukagua hadi uvunguni. Gari linaweza kumeta kama kioo kwa nje, likapoteza alama kwa tope lililoganda chini. Nimewahi kutamani waamuzi wale wakodishwe wakati wa kampeni za uchaguzi. Kuna wagombea wetu wengi wenye rangi nzuri sana.

Gari ninalolijua mimi halijawahi kufika Ngong. Ni Peugeot 504 ya mjomba wangu, Mombasa, ile ndefu ya viti vya safu tatu. 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Iliunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004. Wazazi wetu waliipanda safari ndefu, magoti kifuani, mtoto wa mtu mwingine mapajani, na leo wanaisimulia kama mtu anayesimulia ujana wake. Mapenzi husahaulisha. Gari lile linakunywa petroli, linatoa moshi, na ajali ikitokea ningeomba niwe ndani ya gari jipya lenye mifuko ya hewa. Kwa hiyo sisemi kwamba la zamani ni bora.

Ninachosema nilikiona siku injini yake ilipoanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Fundi wa mjomba, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, hakugusa kitu kwanza. Alisikiliza. Kisha akaniita.

"Njoo, mwanangu, usikae mbali na mali ya mjombako. Nikichomoa waya huu, sikiliza. Sauti imebadilika?"

"Imebadilika, mzee."

"Huu wa pili?"

"Pia imebadilika."

"Na huu?"

Nilisikiliza. Injini iliendelea vilevile, kama hakuna kilichotokea.

"Basi huyu ndiye asiyefanya kazi," akasema. "Wenzake wanavuta, yeye amepanda bure."

Akabadilisha plagi ya tatu, na homa ikaisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ofisi ngapi za umma tungeweza kuchomoa waya wake na sauti isibadilike. Lakini mzaha huo una maana nyingine. Sikuelewa kila alichokifanya fundi. Mpaka leo ukinipa kabureta na spana nitaifungua bila shida. Kwenye kuirudisha ndipo utakapotafuta mtu mwingine. Hata hivyo nilimwamini, na imani yangu haikuwa ya kipofu. Alinipa sababu ambayo hata mimi, nisiyejua, niliweza kuijaribu kwa masikio yangu. Na kama angekuwa ametudanganya, mjomba angejua kesho yake aende chini ya mwembe gani.

Hayo ni mambo mawili: sababu inayojaribika, na mtu anayepatikana. Wapo wanaosema hatuwezi kudai kuelewa kila mashine tunayoitumia, na ni kweli. Abiria wa ndege haelewi ndege. Lakini ndege ikianguka kuna wachunguzi, kuna kisanduku kinachotafutwa hata baharini, kuna shirika linaloitwa lije lijieleze. Abiria anaweza kulala usingizi juu ya mawingu kwa sababu huko chini kuna watu watakaojibu.

Siasa nayo iliwahi kutuundia gari. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na Februari 1990 likazinduliwa Kasarani kwa jina la Nyayo Pioneer. Yaliundwa matano ya majaribio. Viwanda vya kuyatengeneza kwa wingi havikufika popote, kwa kuwa fedha hazikupatikana. Kizazi changu hulicheka gari hilo, mimi silicheki. Wahandisi wale walifanya kazi ya kweli, na gari lilitembea. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema na kwa sauti: litagharimu kiasi gani, atalinunua nani, na likikwama atajibu nani? Mwaka 1990 Kenya ilikuwa bado nchi ya chama kimoja. Boneti ya gari ilifunguka vizuri tu. Iliyofungwa ilikuwa boneti ya ahadi.

Mwaka huohuo, profesa wa chuo kikuu hichohicho, Henry Odera Oruka, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga. Oruka na wenzake walikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, nao akawagawa mafungu mawili. Wa kwanza ni mzee anayejua yale yote jamii inayosema: methali, mila, miiko. Ukimuuliza kwa nini, atakurudishia desturi. Wa pili anajua hayo yote pia, lakini ukimuuliza kwa nini anatoa sababu zake mwenyewe, na pengine anasema hapa wazee wenzangu wamekosea. Huyo wa pili ndiye Oruka aliyemwita mwanafalsafa.

Nikizungumza na programu za akili unde, ambazo mimi na wanafunzi wenzangu tunazitumia kuliko tunavyokiri mbele ya maprofesa, huwa namkumbuka mzee wa kwanza. Zimesoma kuliko binadamu yeyote, na zinaweza kukurudishia karibu kila lililowahi kusemwa. Ukiuliza kwa nini, zinakupa sababu, tena zimepangwa vizuri. Tatizo ni kwamba ukizibana kidogo zinaweza kukupa sababu nzuri vilevile za upande wa pili, na hazitaona haya. Mzee wa kijijini akishauri vibaya anakutana nawe msikitini, sokoni au mazishini. Programu haina mazishi ya kuhudhuria.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Tunasema akili unde, na neno hilo limetoka kwenye kuunda, kitenzi kilekile cha anayeunda jahazi. Jahazi halijiundi. Lina fundi wake, lina mwenye mali aliyelilipia, lina nahodha aliyeamua kung'oa nanga siku ya upepo mbaya. Likizama na watu, hakuna anayekwenda kulihoji jahazi.

Katika kuunda huku wapo watu ambao sifa huwafunika. Mwaka 1770, huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha mashine iliyocheza sataranji na kuwashinda watu. Alifungua milango ya kasha lake watazamaji waone magurudumu, nao wakashangaa. Ndani, nyuma ya magurudumu, alikuwa amejificha binadamu. Miaka zaidi ya 250 baadaye, Januari 2023, gazeti la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji, ili ChatGPT ijifunze kuyatambua. Mei mwaka huo, wafanyakazi wa kazi za namna hiyo jijini Nairobi walipiga kura kuunda chama chao. Tofauti na mashine ya Kempelen, kompyuta hizi zinafanya kazi kwelikweli. Lakini boneti inapofunguliwa tunawakuta watu wa mtaani kwetu, na hao hawatajwi jukwaani siku ya uzinduzi.

Kwa kijana wa rika langu haya yana bei. Mwaka 2023 Kenya ilianza mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu: taarifa za familia zinaingizwa, uwezo wake unapimwa kwa vigezo, na mwanafunzi anapangiwa daraja linaloamua familia italipa kiasi gani. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wa wasio nacho wamepangwa pamoja na watoto wa wenye nacho. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na serikali ikaupinga uamuzi huo. Sikusudii kuihukumu kesi hapa, na wala haikuwa habari ya akili unde. Ilikuwa vigezo na hesabu tu. Hilo ndilo linalonitia hofu. Ikiwa hesabu ambayo karani angeweza kuieleza kwa kalamu na karatasi ilihitaji kwenda mahakamani, itakuwaje siku daraja la mtoto litakapotolewa na mashine ambayo hata walioiunda hawawezi kusema kwa hakika kwa nini imetoa jibu hili na si lile?

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki nikiacha upande wa pili wa hadithi. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana wa Kenya waliitumia akili unde hiyohiyo kuifungua siasa. Kulikuwa na programu ya mazungumzo iliyotengenezwa ili mtu aulize kifungu fulani kinamaanisha nini, mkate utapanda kiasi gani, kodi ya gari itakuwaje. Wengine waliufasiri mswada katika lugha za nyumbani. Rais aliukataa mswada tarehe 26 Juni, baada ya watu kupoteza maisha barabarani, na sitaki mtu yeyote aseme kwamba mashine ndiyo iliyofanya hivyo. Waliofanya ni watu, na baadhi yao hawapo tena. Lakini angalia kwa nini spana ile ilifaa: mswada wenyewe ulikuwa mezani. Programu ikikosea kifungu, msomaji angeweza kwenda kwenye kifungu akaisahihisha. Mashine ilikuwa inatusaidia kuhoji, na waliopaswa kujibu walikuwa na majina na viti Bungeni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetuletea mashine ni dogo kuliko lile la kama ina akili. Wanafalsafa watabishana juu ya akili ya mashine mpaka mimi nistaafu, nikijaaliwa kuajiriwa kwanza. Dogo ni hili: ikinikosea, nitamwona nani? Kiongozi anayetaka kuiweka akili unde igawe mikopo, ipange wagonjwa au ichague wa kufadhiliwa, atuambie kabla ya utepe kukatwa ni ofisi gani itapokea rufaa, kwa siku ngapi, na ni binadamu gani mwenye mamlaka ya kusema mashine imekosea na kubadilisha jibu. Kama hana majibu hayo, basi anachotafuta ni mtu wa kulaumiwa ambaye hawezi kufutwa kazi, na anafurahi kwamba amempata.

Nawe, siku utakapoambiwa sistimu imekataa, usimgombeze karani. Mwombe kwa adabu akwambie Sistimu anakaa mlango wa ngapi, na anaingia kazini saa ngapi. Kisha kaa kwenye benchi, usubiri jibu. Mkiwa wengi kwenye benchi hilo, itabidi mtu atoke.