Shahada ya Askari: Ni Elimu au Ni Ujira?

Yupo kijana mmoja tuliyemfundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, ambaye baadaye alihamia Marekani na kujiunga na jeshi la nchi hiyo. Alipokuja likizo kumwona mama yake, alipita nyumbani kwetu kutuamkia. Baada ya "Shikamoo, Mwalimu" na habari za safari, alitueleza kwamba anasomea shahada ya kwanza kambini, kwa njia ya mtandao. Kisha akauliza, "Mwalimu, unaionaje shahada hiyo? Ni ya kweli?" Nasi tukamjibu papo hapo kwamba shahada ya kweli ni ile ambayo mtu ameketi mbele ya mwalimu wake akaipata. Alinyamaza kwa adabu, akamaliza chai yake, akaaga. Jibu lile limekuwa likitusumbua tangu siku hiyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba jambo hili ni geni. Askari hakai mahali pamoja. Leo yuko Texas, baada ya miaka miwili au mitatu yuko Ujerumani au Korea, na chuo hakiwezi kufunga mizigo kikamfuata. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa na taasisi yake huko Madison, Wisconsin, iliyowapelekea askari masomo kwa njia ya posta. Ilidumu hadi mwaka wa 1974. Mwaka wa 1949 Chuo Kikuu cha Maryland kiliwapeleka walimu wake Ujerumani kuwafundisha askari waliokuwa huko. Mtandao, basi, umekuja kuharakisha kazi ambayo bahasha na meli zilikwisha ianza. Sisi walimu ambao tumewahi kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa mbali tusiowaona uso tungepaswa kuwa wa mwisho kuwabeza.

Lakini liko jambo zito zaidi. Tangu mwaka wa 1973 Marekani haimlazimishi mtu kuingia jeshini. Huwavuta vijana kwa ahadi, na mojawapo ya ahadi kubwa ni elimu. Sheria ya mwaka wa 1944 ililipia masomo ya waliorudi kutoka vitani. Ile ya mwaka wa 2008 humpa aliyetimiza masharti miezi 36 ya masomo. Aliye bado kazini naye husaidiwa ada kwa mfuko mwingine. Waama, kwa kijana wa nyumba maskini elimu hii si zawadi. Ni sehemu ya ujira wake, na pengine ameulipia kwa mguu au kwa usingizi wake wa usiku. Mtu akimuuzia shahada isiyo na thamani, amemlipa kwa sarafu ya bandia kazi iliyokwisha fanywa.

Na hayo yametendeka. Huko Marekani viko vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, na sheria ilivikataza kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yao kutoka katika fedha za elimu za serikali kuu. Hata hivyo fedha za askari hazikuhesabiwa katika asilimia hizo 90. Ajabu ya hesabu! Kila dola moja iliyotoka kwa askari ilikiruhusu chuo kuchukua dola tisa nyingine za serikali. Askari akawa windo. Vyuo vya Corinthian vilifungwa mwaka wa 2015, na ITT mwaka wa 2016, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Ikabidi sheria ya mwaka wa 2017 iwarudishie waliofungiwa vyuo miezi waliyopoteza. Lile tundu la asilimia 90 lilizibwa kwa sheria ya mwaka wa 2021, ikaanza kutumika mwaka wa 2023.

Ndugu msomaji atasema: basi mtandao ndio mwizi. Hapana. Vyuo hivyo vilikuwa na madarasa ya matofali pia, na ndani ya matofali hayo watu walidanganywa vilevile. Hata sheria yenyewe imeshindwa kuamua: mstaafu wa jeshi anayesoma mtandaoni peke yake hupewa nusu tu ya wastani wa posho ya nyumba, ingawa mwenye nyumba hamuulizi mpangaji anasomea wapi anapodai kodi.

Hatusemi kwamba kila somo lafaa kufundishwa hivyo. Uuguzi hauwezi kukamilika bila mgonjwa, na sisi tunaofundisha lugha twajua kwamba sikio hufunzwa na mtu anayekurudisha nyuma ukikosea. Lakini historia, hesabu, uongozi na sheria vyaweza kusomwa chini ya hema, mradi awepo upande wa pili mtu anayesoma kilichoandikwa na kukijibu.

Tulimwandikia kijana wetu barua. Tulimwomba radhi kwanza, kisha tukamuuliza maswali ambayo tulipaswa kumuuliza siku ile: Je, vyuo vingine vitayapokea masomo yako ukihama? Ada unailipia kwa msaada wa walio kazini, au umeanza kuila ile miezi 36? Nani anasoma insha zako?

Hakujibu mawili ya kwanza. Alitutumia insha moja juu ya historia ya reli, kurasa sita, na pembeni mwa kila ukurasa mwalimu wake, ambaye hajapata kumwona, alikuwa ameandika maswali, mengine makali. Katika ukurasa wa nne alimwambia aondoe aya nzima na kuiandika upya. Kijana ameiandika upya mara mbili.