Kisa Kikuu, Nyongeza na Maji ya Ngarambe

Nyongeza ya hadithi huitegemea hadithi kuu kwa kila kitu, na bado huweza kuihukumu. Hali hiyo huonekana wazi katika michezo ya video ya kuvaa uhusika, ambamo mchezaji humwongoza mhusika mmoja kutoka unyonge hadi ushujaa. Kampuni hutoa kwanza kisa kikuu, kisha baada ya muda huuza nyongeza yenye ulimwengu uleule, kanuni zilezile na mara nyingi shujaa yuleyule. Wachezaji wamezoea kuzipima sehemu hizo kwa urefu, ugumu na uzuri wa picha. Swali zito zaidi ni la kifalsafa: nyongeza hurithi nini hasa, na je, aliyeanzisha anawajibika kwa kilichoongezwa baada yake?

Mchezo wa Neverwinter Nights 2, uliotoka mwaka 2006, ulipata nyongeza mwaka 2007 kwa jina la Mask of the Betrayer. Katika kisa kikuu, kijana wa kijiji cha kinamasi anapambana na Mfalme wa Vivuli. Miungu imo, lakini kama nyenzo tu: kuhani anaomba, majeraha yanapona, vita vinaendelea. Hakuna anayeuliza mungu anamdai nini mtu asiyemwomba. Nyongeza inapoanza, shujaa huyo anazinduka ndani ya kaburi la kale, mbali na kwao, akiwa na njaa ya kula roho. Njaa hiyo ni mabaki ya adhabu ya Akachi, kuhani wa mungu wa wafu, aliyeongoza jeshi dhidi ya mji wa bwana wake ili amkomboe mpenzi wake kutoka Ukuta wa Wasio na Imani. Ndani ya ukuta huo hubandikwa roho za waliokufa bila kumwamini mungu yeyote, nazo humomonyoka taratibu mpaka ziishe.

Ukuta ulikuwa sehemu ya sheria za ulimwengu ule tangu awali. Kisa kikuu kilizitumia sheria hizo bila kuonyesha nani anazilipia. Nyongeza inampeleka mchezaji hadi mbele ya ukuta wenyewe, wala haimpi ushindi. Hata akiungana na Kaelyn, aliyewahi kumtumikia mungu wa wafu na sasa anauona ukuta kuwa dhuluma, ukuta unabaki umesimama. Hapo ndipo nyongeza inapokizidi kisa kikuu: inalifungua upya jambo ambalo mwanzo ulilichukua kuwa limekwisha kuamuliwa.

Nje ya michezo, katika historia, si kila mwendelezo hurithi swali. Delta ya mto Rufiji nchini Tanzania, ambayo sehemu yake kubwa leo iko wilaya ya Kibiti, ina mfano wa mwendelezo uliorithi vyombo peke yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikono ya mto, katikati ya mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaishia humo humo deltani. Kisa cha bahari kilikoma hapo. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kuburutwa bara kwenye vita vya nchi kavu vya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, vilivyoendelea hadi Novemba 1918. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa. Chuma ni kilekile, lakini kazi ya meli ile, ya kuwinda merikebu baharini, haikuendelea popote. Anayeviita visa hivyo viwili kimoja anatazama chuma tu.

Mfano mwingine, kutoka bonde la mto huohuo, ni mzito kuliko huo, tena gharama yake ililipwa na watu halisi. Mwaka 1904 huko Ngarambe, kusini mwa Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 na watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, yanasema alizama kwenye kidimbwi cha mto, ndugu zake wakamngoja ukingoni, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Watu walimiminika Ngarambe kuchukua dawa yake: maji yaliyochanganywa na mtama, ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Dawa hiyo haikuzuka patupu. Kabla yake watu wa Rufiji walimwendea pepo Bokero, na wa Uluguru walimwendea pepo Kolelo, kuomba mvua, rutuba na kinga ya mazao. Kwa hiyo maji ya vita yalikuwa tayari nyongeza juu ya imani ya kilimo, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa. Ahadi ya mvua huvumilia kuchelewa, kwa kuwa msimu ni mrefu na mkosaji wa miiko anaweza kutafutwa. Ahadi juu ya risasi hujibiwa papo hapo. Ni kweli kwamba maji ya vita nayo yalikuwa na miiko, kama kutomkaribia mwanamke na kutopora, na aliyeanguka aliweza kudhaniwa kuwa ameivunja. Lakini maelezo hayo hayawezi kubeba maiti wengi kwa siku moja.

Kinjikitile aliwaagiza watu wasubiri neno lake. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na hiyo ikawa ishara ya Vita vya Majimaji. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, jirani na delta. Vita vilikuwa na siku chache tu. Yaliyofuata, kutoka Mahenge hadi Ungoni, nchi ya Wangoni, na kuendelea hadi mwaka 1907, yalitokea mwenye dawa akiwa kaburini.

Mwanahistoria John Iliffe aliandika mwaka 1967 kwamba vita vilianza kwa malalamiko ya wakulima, vikaenezwa na imani, na kadiri vilivyokwenda mbali vikashikwa na taratibu za kila kabila. Wangoni, waliopelekewa maji na mjumbe aitwaye Kinjala, hawakusukumwa na pamba ya Umatumbi. Watawala wao walikuwa wamepoteza himaya. Watafiti wa baadaye wametilia shaka hata kuviita vita vimoja. Shaka hiyo ina uzito, ila inatafuta umoja katika chanzo na uongozi, na vyote viwili kweli havikusafiri. Kilichosafiri zaidi ya kilomita 400 ni ahadi. Mkulima wa Nandete na mpiganaji wa Ungoni hawakujuana, walitaka mambo tofauti, lakini walisimama mbele ya bunduki kwa kuamini jambo moja.

Hapo swali la wajibu linabana. Kinjikitile hakuchagua siku ya vita wala hakumwona Kinjala akifika Ungoni, na kumtwika kila kifo cha kusini ni kumwonea, hasa pale walioteketeza mashamba na maghala walipokuwa askari wa serikali ya Kijerumani. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Lakini ahadi ya kinga haina mipaka ya kijiji. Anayesema risasi zitakuwa maji amemwambia kila atakayesikia, na aliye mbali zaidi ndiye mwenye nafasi ndogo ya kumhoji msemaji.

Kumbukumbu nayo imehamia kwenye nyongeza. Makumbusho ya Majimaji yako Songea, huko Ungoni, na huko ndiko kunakokumbukwa kila tarehe 27 Februari kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Ngarambe, ambako maji yalianzia, hutajwa zaidi vitabuni.

Kazi iliyothubutu kumrudishia mwanzilishi swali lake ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Hussein anampa mhusika wake shaka ambayo masimulizi ya wazee hayamwekei: Kinjeketile anahofu kwamba maji aliyoyatoa yamekuwa na nguvu kuliko yeye. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo, na anakataa, ingawa hana tena hakika nayo. Sababu yake haitokani na ukaidi. Akikana, Wajerumani watawaambia watu kote kwamba walipigania uongo, na ahadi hiyo sasa ni mali ya watu ambao yeye hatawaona kamwe.