Je, Binti wa Denisova Alikuwa Mtu?

Katika milima ya Altai, nchini Urusi, kuna pango liitwalo Denisova. Humo kiliokotwa kipande cha mfupa, kifupi kuliko kidole. Kwa macho hukuweza kujua kama ni cha mtu au cha mnyama. Lakini wataalamu wa Leipzig, katika Ujerumani, walivisoma vinasaba vyake, yaani ule urithi ambao baba na mama humpa mtoto katika mwili wake. Mwaka 2018 wakatangaza: ni mfupa wa msichana aliyeishi yapata miaka 90,000 iliyopita, umri wake miaka 13 au zaidi. Mama yake alikuwa Mneanderthal, baba yake Mdenisova. Jamii hizo mbili zilikwisha kutoweka zamani, na hazikuwa sawa kabisa na sisi.

Je, msichana yule alikuwa mtu?

Wengine hujibu upesi: hapana, alikuwa mnyama tu. Lakini mwaka 2010 Svante Pääbo na wenzake walionyesha kwamba Waneanderthal walizaa pamoja na wazee wa watu wa leo. Wazungu na Waasia wana urithi huo kadiri ya sehemu moja au mbili katika mia. Sisi Waafrika tunao pia, ila kidogo zaidi. Kijana mmoja aliposikia hayo alifurahi mno: «Kumbe wao ndio wanyama!» Nilicheka, kisha nikasikitika. Wakati wa ukoloni walikuwako wenye elimu waliopima pua na vichwa vya watu wa nchi zetu, wapate kusema nani bora na nani duni. Nasi tuokote kipimo kile kile?

Vinasaba vyaonyesha nani alizaliwa na nani, basi. Papa Pius XII, katika barua yake Humani generis ya mwaka 1950, aliwaachia wataalamu wachunguze asili ya mwili, akashika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Na roho haisomwi ndani ya mfupa.

Ila kuna dalili. Mwaka 1908, huko La Chapelle-aux-Saints katika Ufaransa, mapadri ndugu wa jina la Bouyssonie walifukua mifupa ya Mneanderthal mzee, meno yake mengi yamekwisha kung'oka, mgongo umeharibika. Waliamini kwamba alizikwa na wenzake, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 uliwaunga mkono. Nani amewahi kuona mnyama akimchimbia mwenziwe kaburi?

Utasema dalili si hakika. Haya, lakini mwindaji akiona majani yatikisika, asijue kama ni mtu au mnyama, haruhusiwi kutupa mshale. Akiutupa na kuua mtu, hatasamehewa kwa kusema, «Sikujua.» Kwa hiyo wanafunzi wangu wakiniuliza habari za yule wa Denisova, mimi nawajibu kwamba alikuwa binti wa watu, na mama yake alimlea.