Jiwe Jeusi

Baba yangu mdogo aliuza shamba lake la Masisi kwa sababu ya picha. Mwaka 2024 tulikuwa kwenye kambi ya waliokimbia vita, Bulengo, magharibi ya Goma, akatumiwa kwenye WhatsApp nyumba iliyoungua, na chini yake maneno matatu: "Masisi, leo asubuhi." Wiki ileile mnunuzi akajitokeza, na baba mdogo akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Nani angebishania bei ya majivu?

Siku nyingi baadaye mama mkubwa, asiyejua kusoma, aliomba simu akaitazama bila haraka. "Shemeji, haya mawe meusi yametoka wapi? Mlimani kwetu udongo ni mwekundu." Ilikuwa picha ya Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake hadi Buhene, pembezoni mwa Goma.

Zamani picha ilikuwa na mwenyewe: mpiga picha wa mjini, duka lake unalijua. Simu nayo huandika ndani ya picha siku na mahali ilipopigwa, lakini WhatsApp huyaondoa hayo picha inapotumwa. Inakufikia kama mtoto aliyeokotwa njiani, na yeyote anaweza kumpa jina. Kabla hujauza, hujakimbia, hujashika panga, uliza: nani alisimama pale, lini?

Hata rangi haitoshi kuwa shahidi. Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, alivipiga picha vita vya Kivu kwa filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, iliyotengenezwa kwa kazi ya jeshi. Jani hai hurudisha mwanga ambao jicho halioni. Filamu ile iliuonyesha kwa wekundu, na maficho ya adui, yasiyourudisha, yakajulikana. Basi milima yetu ya kijani ikatoka ya waridi, na mwaka 2013 watu wakaitazama kwenye maonyesho huko Venice. Mosse hakumdanganya mtu, kwani alitaja filamu yake. Aliyemtumia baba mdogo hakutaja chochote. Labda naye alitumiwa tu.

Huenda ndani ya simu ile mlikuwa na madini ya kwetu, koltani ya Rubaya na bati la Bisie, kule Walikale. Lakini aliyeutambua udongo wetu ni mama mkubwa.

Februari 2025 kambi zilivunjwa, tukarudi. Nyumba ilikuwa imesimama, mabati yameshika kutu tu. Shambani maharagwe yalikuwa yamechipua, na mtu mwingine alikuwa akiyapalilia. Baba mdogo alisimama ukingoni, akavua kofia, akamwambia, "Pole na kazi."